Mtoto wa Makorora na mgeni wa kwenye gemu: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na namna matukio ya aina hii yanavyokwenda, na kimewekwa Tanga mjini kwa sababu kila kinachokijenga kipo pale: banda la gemu, simu moja ya familia nzima, mtaji wa biashara ndani ya simu hiyo hiyo, na fundi wa kuflashi simu asiye mbali. Hakuna mtoto halisi anayezungumziwa.

Mvulana ana miaka 13, yuko darasa la saba, anaishi Makorora na mama yake mwenye genge. Gemu analolipenda ni la kufyatuliana risasi kwa vikosi vya watu wanne, na ndani yake wachezaji wanaongea kwa sauti na kwa kuandikiana. Jioni za siku za shule hucheza kwenye simu ya mama. Jumamosi huenda banda la gemu Ngamiani. Mchezaji mmoja anayejitambulisha kuwa msichana wa miaka 15 anaingia kwenye kikosi chake. Anacheza vizuri, anamnunulia almasi za gemu, wanazoeana wiki kadhaa. Kisha anasema humu ndani sauti inakatakata, nipe namba ya WhatsApp. Namba ni ya mama, lakini usiku simu iko kwa mtoto. Baada ya siku mbili msichana anatuma picha yake ya utupu na kuomba ya mvulana. Mvulana anatuma moja.

Hazipiti dakika kumi, lugha inabadilika. Zinatakiwa shilingi 80,000 "na ya kutolea", la sivyo picha inaenda kwa mama, kwa mwalimu na kwa kila rafiki wa mama kwenye Facebook. Majina matano ya marafiki hao yanatumwa kama uthibitisho. Mvulana anajua namba ya siri ya pesa za simu, kwa sababu mama haoni vizuri herufi ndogo na yeye ndiye humtumia pesa wauzaji wa jumla. Anatuma 30,000. Kesho yake anadaiwa tena, anatuma 45,000. Siku ya tatu mama anakwenda sokoni na kukuta mtaji haupo.

Mtaani hukumu hutoka mapema: mama kamwachia mtoto simu. Ni hukumu rahisi, na katika kisa hiki inamwangukia mtu aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wengine wa kuzuia yaliyotokea wiki zile za mwanzo. Njia yenye faida zaidi ni kupita kila hatua na kuuliza nani, kwa kitendo kimoja, angeikata safari pale, na je alikuwa akijua. Wajibu unamfuata yule mwenye swichi mkononi.

Mwaka wa kuzaliwa 1999

Akaunti ya mvulana haikufunguliwa nyumbani. Ilifunguliwa bandani na kijana anayeangalia banda, ambaye hufungulia watoto kumi kwa siku na hana muda wa kuuliza. Kwenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa anasukuma gurudumu la miaka kwa kidole gumba na linaposimama ndipo hapo hapo, lilisimama 1999.

Kitendo hicho cha sekunde mbili kilibeba mambo makubwa. Gemu na mitandao mingi hutumia umri wa miaka 13 kama mpaka, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1998 ya faragha za watoto mtandaoni inazuia kukusanya taarifa za walio chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Kampuni zimeweka mpaka pale, na nyingi zina ulinzi wa ziada kwa wa miaka 13 hadi 17: ujumbe wa wageni umezuiwa, maneno yanachujwa zaidi, maombi ya urafiki yamewekewa masharti. Akaunti ya 1999 haina hata kimoja. Kwa mfumo, huyu ni mtu mzima anayeongea na mtu mzima mwenzake.

Kijana wa banda alikuwa na swichi na hakujua kama ni swichi. Kampuni ilijua. Inajua kwamba tarehe ya kuandika mwenyewe haithibitishi kitu, na imejua miaka mingi. Roblox, jukwaa la gemu za mtandaoni, kwa mfano, Novemba 2024 ilizuia walio chini ya miaka 13 kutumiwa ujumbe binafsi nje ya michezo bila idhini ya mzazi, na mwishoni mwa 2025 ikatangaza kwamba mtu atalazimika kukaguliwa umri, hata kwa kupigwa picha ya uso, kabla ya kuchati. Yote haya yalikuja baada ya miaka ya malalamiko na kesi mahakamani. Omegle, tovuti iliyoanzishwa 2009 na iliyokuwa ikiwaunganisha watu wasiojuana wachati, ilifungwa Novemba 2023 katika kumaliza kesi ya msichana aliyekutanishwa humo na mnyanyasaji akiwa na miaka 11. Kwa hiyo anayesema kampuni haiwezi kufanya kitu anasema jambo ambalo kampuni zenyewe zimeshalikanusha kwa matendo.

Zawadi, kisha kuhamishwa

Almasi zile hazikuwa ukarimu. Anayetoa anapima mambo mawili: je, mtoto atapokea bila kumwambia mtu, na je, atajiona ana deni. Mvulana alipokea, akanyamaza. Hapo mgeni alishapata jibu.

Hatua inayofuata karibu haikosekani, nayo ni kumtoa mtoto ndani ya gemu. Ndani ya gemu kuna kitufe cha kuripoti, kuna uchujaji wa maneno, kumbukumbu zinabaki kwa kampuni. WhatsApp ujumbe umefungwa kwa usimbaji, kampuni haiusomi. Sababu anayotoa mgeni huwa ndogo na ya kweli kidogo, sauti inakatakata, bando linaisha, humu kuna watu wengi. Mtoto anayeweza kukariri onyo moja tu na akariri hili: rafiki wa gemu anayetaka mhamie kwingine, mwambie mkubwa siku hiyo hiyo, hata kama hajasema neno baya.

Kampuni ya gemu ingeweza kukata hapa pia. Akaunti inayopeleka zawadi kwa wachezaji wengi wapya, kisha kuandika tarakimu za namba ya simu kwenye maongezi, inaonekana kwa mashine bila kusoma barua ya mtu. Ni suala la kuamua kuangalia.

Siku ya tatu: mjomba na fundi

Hadi hapa mambo yalikuwa mabaya lakini yangeweza kushikika. Kilichokiharibu zaidi kisa ni saa sita za kwanza baada ya watu wazima kujua.

Mama alipouliza pesa, mvulana alilia na kusema nusu. Mjomba akaitwa. Mjomba akampiga makofi mawili, akaisoma simu, akaiona picha, akaona aibu, akaipeleka kwa fundi "afute uchafu wote". Fundi aliiflashi. Wakati huo huo mama mdogo alikuwa ameshaipiga picha skrini na kuituma kwa dada zake wawili ili washauriane. Wote watatu walikuwa na nia njema.

Tuanze na mama mdogo, maana watu hushangaa wakiambiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha picha za ngono za mtoto kwa njia ya kompyuta au kuwawezesha wengine kuzipata. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Sheria haisemi "isipokuwa kwa ushauri wa kifamilia". Picha ya mtoto haitumwi popote, hata kwa ndugu, hata kwa askari kwa WhatsApp. Inabaki kwenye simu ilipo.

Fundi naye aliondoa vitu vitatu kwa mpigo. Kwanza, maongezi yote, labda kama kulikuwa na hifadhi ya nakala kwenye akaunti ya Google ya mama. Pili, jina na namba ya utambulisho ya mgeni ndani ya gemu. Jina hubadilishwa kila siku, namba ile haibadiliki, na ndiyo ambayo kampuni inaihitaji. Tatu, picha yenyewe. Watu huona kufutwa kwa picha ni afueni, lakini ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa 2023 na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Unaichagua picha kwenye simu, inatengenezwa namba ndefu inayoitambulisha, na ni namba tu inayotoka, picha haiondoki. Facebook, Instagram, TikTok na mitandao mingine iliyojiunga huitumia namba hiyo kuizuia picha isipandishwe kwao. Haifiki ndani ya maongezi yaliyofungwa ya WhatsApp. Ila bila picha, namba haitengenezwi kabisa.

Ingefanyika hivi. Simu inawekwa alama ya ndege mara moja na waifai inazimwa. Sababu ni kwamba WhatsApp inamruhusu mtumaji kufuta ujumbe kwa pande zote ndani ya siku mbili na kitu, na simu isiyo hewani haipokei amri hiyo. Kisha, kwa simu nyingine, skrini inapigwa picha kutoka juu ya maongezi hadi chini: maneno ya kudai, namba aliyosema itumiwe pesa, ukurasa wa wasifu wenye namba yake, tarehe na saa. Panapotokea picha ya mtoto, kipande cha karatasi kinawekwa juu yake kabla ya kupiga. Ndani ya gemu panahitaji intaneti, kwa hiyo pafunguliwe mwisho, ichukuliwe namba ya utambulisho ya mgeni na orodha ya zawadi. Vyote vinaandikwa pia kwa kalamu kwenye daftari, pamoja na namba ya kumbukumbu ya kila muamala wa pesa.

Hapo ndipo anaripotiwa na kublokiwa, si kabla. WhatsApp ukiripoti, kampuni inapelekewa ujumbe tano wa mwisho kutoka kwake. Kwenye kidirisha hicho kuna kiboksi cha kumbloku na kufuta maongezi, kisiwekwe tiki. Kwenye gemu iripotiwe akaunti yenyewe, chini ya sababu ya usalama wa mtoto kama ipo. Ukichagua "lugha chafu" unaingia kwenye foleni nyingine kabisa. Kampuni za Marekani zinazobaini unyanyasaji wa kingono wa mtoto zinalazimika kisheria kuripoti NCMEC, ambayo hupeleka taarifa kwa polisi wa nchi husika.

Na pesa hailipwi. Mvulana alilipa mara moja, ndiyo maana alidaiwa mara ya pili.

Makofi mawili ya mjomba yanastahili aya yake. Biashara nzima ya mgeni imesimama juu ya hofu moja: kwamba nyumbani wakijua, mtoto amekwisha. Mtu mzima anayepiga anauthibitisha ule utabiri. Mtoto wa namna hii anaweza kufikiria kujidhuru, kwa hiyo usiku wa kwanza na wa pili asilale peke yake. Maneno yanayohitajika ni machache na bora yatoke kwa mama: "Mwanangu, aliyekosa ni huyu aliyekutisha. Pesa tutazitafuta. Niambie yote, sitakupiga." Kisha ahadi hiyo itimizwe.

Kupeleka mbele

Kilichobaki baada ya fundi ni kumbukumbu za pesa, na kwa bahati ndizo zenye nguvu. Mtandao wa simu una rekodi zake hata simu ikiflashiwa. Mama, kwa kuwa laini ni yake, anaweza kwenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wake akapewa taarifa ya miamala: siku, saa, kiasi, namba na jina lililosajiliwa la mpokeaji. Kurudishiwa pesa ni bahati. Mpokeaji wa aina hii hutoa kwa wakala ndani ya dakika chache, na kinachozuilika ni salio lililobaki tu. Piga huduma kwa wateja hata hivyo, saa hiyo hiyo.

Laini zote Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Hilo halimaanishi jina linalotokea ni la mhalifu, maana laini zilizosajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua zipo. (Kila mtu mzima angepiga *106# mara moja moja kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.) Hata hivyo pesa ilitolewa kwa wakala fulani, saa fulani, na wakala ana daftari. Hapo ndipo uchunguzi unapoanzia, na ni polisi tu wanaoweza kuufungua mlango huo: kifungu cha 32 cha sheria ile ile kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru mwenye taarifa azitoe.

Mama na mtoto waende kituoni, waombe Dawati la Jinsia na Watoto, wasisimulie kisa kaunta mbele ya watu. Wabebe simu yenyewe, daftari, taarifa ya miamala na cheti cha kuzaliwa, maana umri ndio unaolipa kosa uzito wake. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Wasiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yao kwenye kitabu cha polisi. Wasisitize maneno mawili, picha ya mtoto na kutishiwa. Wakisema tu "katapeliwa elfu sabini na tano" jalada litakwenda kwenye utapeli wa kawaida na kukaa huko. Kutuma namba ya tapeli kwenda 15040 ni vizuri, lakini huko ni kuripoti namba, hakufungui kesi.

Kama kituo kinatisha, simu ya watoto ni 116, bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Ofisa ustawi wa jamii ni njia nyingine, na mwenyekiti wa mtaa pia: Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Hatari ya kupitia mtaani ni "tuyamalize wenyewe", hasa ikigundulika mhalifu si mgeni wa mbali bali kijana wa Mabawa au Chumbageni. Kosa hili halina suluhu ya kikao.

Banda, na nyumbani

Mwenye banda anayeuza intaneti kwa umma ana wajibu zaidi ya kuuza muda. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinaitaka intaneti kafe iwe na njia ya kuchuja maudhui yaliyokatazwa, kamera, na daftari la watumiaji. Wenye mabanda husema lao ni gemu, si kafe. Kijana wake anapofungulia watoto akaunti kwa waifai ya banda, tofauti hiyo ni nyembamba sana.

Uchujaji wenyewe hauna gharama. Kwenye ruta, sehemu ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti), zinaandikwa 1.1.1.3 na 1.0.0.3, na tovuti za ngono zinazojulikana hazifunguki kwa kila kifaa cha banda. Dakika tano. Lakini kichujio hiki hakigusi maongezi ndani ya gemu, na kisa chetu kilipita humo. Kinachogusa maongezi ni mpangilio wa akaunti: umri wa kweli, ujumbe wa wasio marafiki umefungwa, sauti kwa kikosi cha marafiki tu. Kubandika karatasi ukutani kwamba hapa hatufungui akaunti ya mtoto bila mzazi kungewapunguzia wateja wawili watatu kwa mwezi, na ni haki kulitaka.

Nyumbani swichi ya mama ilikuwa moja, ya pesa. Namba ya siri ya pesa za simu haijuliwi na mtoto. Msomaji wa herufi ndogo awe mtu mzima, au maandishi ya simu yakuzwe kwenye mipangilio. Simu nyingi za Android zina "mtumiaji mgeni" au mtumiaji wa pili, ambaye gemu inawekwa kwake bila WhatsApp wala majina ya watu wa mama. Zile za bei nafuu kabisa huenda hazina, basi WhatsApp na programu ya pesa ziwekewe kufuli. Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, inasaidia mtoto mwenye simu yake, na hata hapo haimwonyeshi mzazi maongezi. Simu isilale chumbani kwa mtoto.

Haya yote ni kazi ya mama, lakini yasitumike kuwasafisha wengine. Utafiti wa ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyanyasaji wa kingono wa watoto), INTERPOL na UNICEF uliotolewa 2022 ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walipatwa na unyanyasaji wa kingono mtandaoni kwa mwaka mmoja, yaani takriban watoto 200,000. Idadi hiyo haitokani na akina mama 200,000 wazembe. Inatokana na milango iliyoachwa wazi na waliotengeneza nyumba. Uingereza ilitunga sheria 2023, na tangu Julai 2025 kampuni zinabanwa kutathmini hatari kwa watoto na kuipunguza. Australia tangu Desemba 2025 imezuia akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16. Sheria hizo hazimlindi mtoto wa Makorora, ambaye anacheza gemu lile lile. Sheria yetu ya 2015 inamwadhibu mhalifu kwa ukali lakini haimlazimishi mtoa huduma kufuatilia kinachopita kwake. Pengo liko hapo, na anayeweza kuliziba ni mtunga sheria Dodoma.

Mgeni hurudi. Wiki kadhaa baadaye namba ngeni itaandika, pengine ikijifanya mtandao wa simu, mwanasheria, au "mtaalamu" wa kufuta picha kwa ada. Ni yule yule au aliyeuziwa orodha. Haijibiwi. Inapigwa picha, namba inaandikwa kwenye daftari lile lile, na inapelekwa kwa mpelelezi kwa RB ile ile ya mwanzo, si kwa jalada jipya, ili miamala na namba zote zikae pamoja.